Kadi ya Mhehe na Kadi ya Mngoni

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Kwako dada Imelda,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo dada. Naamini barua hii itakukuta mzima, na mguu wa mama umepungua uvimbe, na ile cherehani uliyosema inakata uzi imepata fundi wa kweli, siyo mjomba Otto na nyundo yake. Mimi kwa mwili ni mzima, nakula na nalala. Kwa mengine si mzima, ndiyo maana nimeacha kufua Jumapili nzima na kuazima kalamu ya jirani.

Kama umesimama, kaa. Kama uko na watu, ikunje barua hii uje uisome ukiwa peke yako. Dada, Lukelo amefariki. Tumemzika kwao Iringa, sasa ni wiki mbili. Najua msiba hauletwi kwa karatasi. Huletwa na mtu kwa miguu yake, anapewa kigoda, anapewa maji, ndipo anasema. Kutoka Iringa kuja huko Songea ni safari ya siku moja tu, na nauli nilikuwa nayo. Sikuja kwa sababu niliogopa kukutazama usoni. Sababu utaiona humu, na ukimaliza kusoma ukaamua kunikasirikia, nitakuwa nimestahili.

Katika barua yako ya mwisho uliniambia kwamba Mwalimu Kasiani ameleta posa, na mama anataka jibu kabla ya mavuno. Halafu ukaandika chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mtu anayenong'ona: "Otmari, niambie ukweli. Huyo Mhehe wako anaponiita mke wangu, anatania au hatanii?" Nimekaa na swali hilo miezi miwili bila kukujibu. Leo nakujibu. Ila nivumilie nipite njia ndefu kidogo, maana jibu lenyewe limepitia kwenye kompyuta.

Unakijua chumba chetu cha gemu kwa kusimuliwa tu. Kiko uani, nyuma ya nyumba ya ghorofa ya Mzee Dhiru, yule Mhindi mwenye duka la kompyuta za mitumba. Tangu mizigo ya nje iruhusiwe kuingia bila maswali mengi, hapa Kariakoo hakuna kisichouzwa. Makontena yanakuja na mashine zilizochokwa huko zilikotoka, Mzee Dhiru ananunua, sisi wawili tunazifufua. Zile bora alituachia tukaziweka uani chini ya bati, vijana wanakuja kucheza mpira na mbio za magari kwenye kioo. Mchana humo ndani ni tanuri. Lukelo alikuwa anasema Mungu ametuanzishia moto mapema ili tukifika tuwe tumezoea.

Ulimwona Krismasi ile aliyokuja nami nyumbani, kwa hiyo sina haja ya kukueleza mdomo wake. Siku ya kwanza tu alimwita bibi mke wake mkubwa na wewe mke mdogo, akakupokea ndoo ya maji njiani, mkacheka mpaka mkafika na maji nusu. Sote tuliona ni utani. Mhehe na Mngoni wasipotaniana watu watadhani wamegombana.

Na hapa kazini tulikuwa vivyo hivyo. Mzee Dhiru alituuliza siku moja, ameshika kiuno, "Nyinyi mnatukanana kutwa, halafu mnakula sahani moja. Kwetu mtu akimwambia mwenzake maneno haya, familia hazisalimiani miaka kumi."

Lukelo akamjibu, "Mzee, huyu Mngoni. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakatuachia midomo."

Sasa sikiliza habari ya kadi. Ndani ya kompyuta kuna kipande kama daftari dogo, kazi yake ni kuchora picha unayoiona kwenye kioo. Tunakiita kadi ya picha. Kadi ikiwa dhaifu, gari kwenye gemu linakwenda kwa kurukaruka kama picha za ukutani zinazobadilishwa na mkono. Ikiwa nzuri, gari linateleza. Mashine yetu kubwa ilikufa kadi, na kwenye boksi la Mzee Dhiru zilikuwamo mbili zinazoweza kuingia, zote kuukuu, zote zimetumika na watu tusiowajua. Mimi nikaipenda moja, Lukelo akaipenda nyingine.

Ya kwangu ilikuwa na kumbukumbu mara mbili ya ile yake, na feni ndogo mgongoni. Ya kwake haikuwa na feni, imebandikwa tu pande la bati nene lenye meno kama kitana, ndilo linalopoza. Kwa bei ya moja ya kwangu ungepata mbili za kwake na chenji ya chai. Fikiria cherehani ya mota na cherehani ya mkono, utakuwa umeelewa.

Tulizijaribu dukani kwa Mzee Dhiru, kama desturi ya hapa, maana mali ikishavuka mlango wa duka la Kariakoo hairudi. Dukani kuna kiyoyozi. Kadi yangu ilikimbia! Hata majani ya pembeni mwa barabara ulikuwa unayaona yakitikisika. Ya Lukelo ilijikokota, kila kona gari lilikuwa linawaza kwanza ndipo likate.

"Umeona, mla mbwa?" nikamwambia. "Kadi yako Mhehe kabisa, inachelewa kuelewa."

Akapangusa jasho, ingawa tulikuwa kwenye baridi. "Yako ndiyo Mngoni. Inakimbia sana, ikisikia joto itarudi kwao Uzulu. Twende uani tukaone."

Hakuna aliyekubali kushindwa. Mzee Dhiru akachoka na makelele, akatuazima zote mbili, akasema itakayobaki mtalipa, itakayoshindwa nirudishieni. Tukaanza kuzibadilisha, leo yako, kesho yangu. Ya kwake haikuwahi kuzima, lakini vijana walilalamika kwamba magari ni mazito. Ya kwangu waliigombania, isipokuwa umeme ukipungua nguvu, au jua likipiga bati wakati wa saa nane, feni ilianza kulia sauti nyembamba na mimi nikaruka kuizima isije ikaungua. Nilikuwa nimeizoea ile sauti. Hata nikiwa nje nakula, ikibadilika kidogo tu niliisikia na kukimbia. Hilo nataka ulishike, dada, kwa sababu ndilo linaloniuma. Niliisikia feni ya kadi, na Lukelo alikuwa anahema pembeni yangu sikumsikia.

Maana dalili zilikuwapo. Alikuwa anasimama katikati ya ngazi za ghorofa akijifanya anatazama chini barabarani. Aliacha viatu akavaa ndara, miguu imevimba, nikimuuliza anasema Wangoni wamemwibia soksi. Alilala ameketi kwenye kiti, akasema kitanda chake kina kunguni wa Kisongea. Siku moja alibeba kioo kimoja kutoka getini, akakitua, akashika ukuta.

"Mtani," akasema, "nakufa mwenzio."

Nami nikamjibu, "Kufa basi! Ubwabwa wa Iringa nausikia kwa sifa tu."

Alicheka mpaka akakohoa. Vijana wakacheka. Nikacheka mimi. Ndivyo mtani anavyojibiwa, wewe unajua, hata mama angejibu hivyo. Lakini nikilikumbuka neno lile sasa natamani kuung'oa ulimi.

Na barua yako nilimsomea, dada. Nisamehe. Nilimsomea kwa kumkomoa, nione atajificha wapi. Alikuwa anasafisha meno ya ile kadi yake kwa mswaki, akanyamaza. Lukelo kunyamaza! Halafu akasema bila kuinua macho, "Mwandikie sitanii. Mwambie kifua hiki kikipata nafuu, naenda huko na wazee wangu."

Nilicheka mpaka nikashika tumbo. Mtani akikuambia hatanii, huo ndio utani wenyewe uliokomaa, au sivyo? Nikamwambia Wangoni hatuozeshi binti kwa mtu anayefuga mboga inayobweka. Aliendelea kupiga mswaki kadi yake, na mimi nikatoka nje kumsimulia muuza kahawa ili naye acheke.

Ikafika Jumamosi ya kukata shauri. Tukaweka mashine mbili meza moja, kila moja na kadi yake, gemu ileile ya magari. Sheria ilikuwa kwamba tunaanza baada ya chakula cha mchana, mashine itakayosimama kwanza imeshindwa, na mwenye nayo atapika mwezi mzima na kuitwa mama. Vijana wakajaa mlangoni. Lukelo akaketi mgongo ukutani, kibodi mapajani. Mimi nikaketi nikiwa nimempa ubavu, sikio langu kwenye feni.

Saa ya kwanza nilimwacha mbali sana. Nilikuwa naimba. Yeye alikuwa anarusha neno mojamoja, "Subiri, Mngoni. Bati halijasema." Saa ya pili jua likashuka juu yetu, kila mtu shati limelowa. Sauti nyembamba ikaanza. Nikaomba kimoyomoyo, nikapepea mashine kwa kifuniko cha boksi, ndipo kioo changu kikaingia mistari ya kijani na zambarau, kikaganda. Kadi yangu ilikuwa imeshindwa.

Vijana wakapiga kelele. Niliinama pale pale, sitaki kugeuka, nangoja Lukelo arukeruke. Hakuruka. Nikageuka. Ameegemea ukuta, macho amefumba, mdomo una kama kicheko. Gari lake kwenye kioo limegota ukingoni mwa barabara na injini inaunguruma.

Sasa elewa, dada, huyu mtu alishawahi kujifanya amekufa. Pasaka iliyopita tukila nyama alianguka chini kama amezimia, nikaenda kumletea maji, niliporudi sahani nyeupe. Kwa hiyo nilimtukana. Nilimwambia, "Amka mbwa wewe, umeshinda, usijitie uzuri wa maiti." Nikamwambia hata akifa nitamzika na kadi yake kifuani. Niliongea hivyo kwa muda, vijana wakivunjika mbavu, mpaka mmoja wao akaacha kucheka, akamgusa mkono, akanitazama.

Nilikuwa namtukana maiti. Rafiki yangu amekufa, na mimi namtania.

Mzee Dhiru alishuka ngazi mbio, peku, na umri wake ule. Ndiye aliyetafuta gari la kumpeleka hospitali, na huko wakatuambia tunachokijua. Tuliporudi, mashine ya Lukelo ilikuwa bado inawaka, gari liko palepale ukingoni. Haikuganda, haikuweka hata mstari mmoja. Mzee Dhiru akanyoosha mkono aizime, nikamwomba aiache kidogo. Akaketi kwenye benchi la vijana pamoja nami, tukaitazama.

Wanairinga wa hapa mjini walichanga jeneza na gari. Mke wa Mzee Dhiru alitufungia chapati na viazi vya safarini, akaniambia nihakikishe nakula. Nilizigawa kwa wengine. Njia nzima nilikuwa nyuma pamoja na jeneza, na baridi ya kule ilipotupokea nikavua koti nikalitandika juu yake. Usinicheke. Alikuwa anachukia baridi ya kwao kuliko joto la bati.

Kijijini kwao nilikuta watu wengi, na wazee wamekaa wakingoja. Mzee mmoja akasimama akauliza, "Wangoni wako wapi? Mtoto huyu hawezi kuzikwa kimya kama kuku." Watu wakatazamana. Mngoni nilikuwa mimi peke yangu.

Dada, mimi ni nani nikatae kazi ya mtani? Nililala mlangoni kuzuia jeneza lisitoke. Nikajipaka majivu. Tulipofika makaburini nikaingia shimoni kabla yake, nikasema sitoki mpaka Wahehe wakiri kwamba hawajawahi kumshinda Mngoni. Nikamwigiza anavyopuliza vumbi kwenye kadi mashavu yamejaa, anavyopanda ngazi akisimama kutazama barabara. Watu walicheka, hata dada zake waliokuwa wamepotelewa na sauti kwa kulia walicheka. Nami machozi yananitoka, wakadhani nayo ni maigizo. Nilikiri mle shimoni kwamba kadi yake ndiyo iliyoshinda. Sikuwahi kumwambia akiwa hai.

Kisha nikasema lile neno. Lilikuja lenyewe, kwa mazoea. Nikasema, "Na vizuri umekwenda, Lukelo, maana dada yangu hajawahi kukutaka, na sisi hatumwozi mtu kama wewe!"

Wengine wakacheka. Mama yake akaacha kucheka. Ni mwanamke mdogo wa mwili, alikuwa ameketi chini juu ya kanga, akainuka, akaja ukingoni mwa shimo. Akanipa mkono.

"Toka, mwanangu," akasema. "Kazi yako umeifanya. Wewe ndiye kaka yake Imelda?"

Alilijua jina lako. Jioni, watu walipokuwa wanakula ule ubwabwa niliouomba mwenyewe, alinikalisha jikoni akanieleza. Moyo wa Lukelo ulikuwa mbovu tangu utoto, baada ya homa za viungo. Madaktari walimkataza kazi za kubeba. Sikujua, hakuniambia, au aliniambia kila siku kwa lugha yetu na mimi sikusikia. Mwezi wa pili alikwenda kwao ghafla, kwangu alisema anafuata mahindi. Hakufuata mahindi. Aliwaita baba zake wadogo, akakaa chini kwa adabu, bila mzaha hata kidogo, akawaambia kuna binti Songea anashona nguo, anaitwa Imelda, naye anaomba wakamposee. Wakamchagua mshenga. Wakasema wangekuja baada ya mavuno. Mama yake akashona mkeka kwa ajili ya safari hiyo. Nilioneshwa. Ni mkeka mzuri, una ukingo mwekundu.

Nikamwambia yule mama neno nililomjibu mwanawe, lile la kufa na ubwabwa. Sikuweza kula kwake nikiwa nalo tumboni. Akasema, "Ungemwambia nini kingine? Wewe ni mtani wake." Alinisamehe, na mimi bado sijaweza kujisamehe.

Akaniuliza kama utakuja kwenye arobaini. Alisema ukija, utakaa kwenye mkeka ule, pembeni yake, na hakuna atakayekuuliza wewe ni nani. Usipokuja, hatakuwa na neno nawe, maana posa ilikuwa haijavuka mlango wenu. Nilikuwa nafungua mdomo nimjibu kwa niaba yako, nikaufunga. Nimeshakujibia vya kutosha.

Hapa kazi inaendelea kwa shida. Kadi yangu nimemrudishia Mzee Dhiru, ya Lukelo ndiyo iliyo kwenye mashine kubwa. Vijana wakilalamika kwamba magari ni mazito nawaambia waende kwingine. Mzee Dhiru hapendi niwafukuze wateja, lakini ananiachia.

Msalimie mama, na umweleze taratibu, akiwa ameshakula. Msalimie mjomba Otto, mwambie kengele ya kanisa Jumapili ijayo aipige akimkumbuka mtu aliyemsaidia Krismasi ile kuezeka banda la kuku. Shangazi Skolastika mpika togwa naye mpe pole. Bibi akiuliza mume wake yuko wapi, sijui utamwambia nini. Mwalimu Kasiani ni mtu mwema, na simwombei wala simpingi.

Siku mbili kabla ya arobaini nitapanda basi kwenda Iringa. Nitakuwa pale stendi asubuhi, nikingoja basi la kutoka Songea. Ukishuka nitakupokea mzigo, na usiposhuka nitakwenda mwenyewe na sitakuuliza.

Uliniuliza anatania au hatanii. Hakuwa anatania, dada. Aliyekuwa anatania ni mimi.

Mdogo wako,
Otmari